Kanuni za Kuazima: Ushauri kwa Waandishi Chipukizi na Sarufi ya Usimulizi wa Kiswahili

Mwandishi chipukizi wa riwaya ya Kiswahili anayetafuta mwongozo hukutana mapema na amri chache zinazorudiwa katika warsha, madarasa ya uandishi na maoni ya wahariri: onyesha, usieleze, epuka kauli ya kutendwa, punguza vielezi, usirudie jina la mhusika pale kiwakilishi kinapotosha. Amri hizi zina nasaba inayojulikana. Ya kwanza ilipewa nguvu ya kinadharia na Percy Lubbock katika The Craft of Fiction (1921), aliyeegemea sana riwaya za Henry James. Ya pili imo katika insha ya George Orwell ya mwaka 1946 kuhusu siasa na lugha ya Kiingereza. Ya tatu imeenezwa mno na Stephen King katika On Writing (2000). Kuazima si kosa. Kasoro ni kwamba amri hizo zimefungamana na jinsi Kiingereza kinavyounda kitenzi, kiwakilishi na usemi wa taarifa. Zikihamishiwa katika Kiswahili bila kupimwa upya, humnyang'anya mwandishi nyenzo ambazo lugha yake mwenyewe imempa.

Mfano ulio wazi zaidi ni kauli ya kutendwa. Kitenzi oa kina familia inayojulikana na kila mzungumzaji: mwanamume huoa, mwanamke huolewa, mzazi huoza, binti huozwa. Mnyambuliko huu ni ramani ya mamlaka katika jamii kabla ya kuwa suala la mtindo. Mhariri anayetaka "aliozwa" igeuzwe kuwa "baba yake alimwoza", kwa hoja kwamba kauli ya kutenda ina nguvu zaidi, amehamisha macho ya msomaji kutoka kwa binti hadi kwa baba. Katika Vuta n'kuvute (1999), Adam Shafi anamsawiri Yasmin, msichana aliyeozwa kwa Raza, mwanamume aliyempita umri kwa mbali. Sehemu kubwa ya mvuto wa riwaya hiyo inatokana na safari ya msichana huyo kutoka hali ya kutendewa hadi hali ya kujiamulia. Safari kama hiyo haisimuliki vizuri na mwandishi aliyekatazwa kauli ya kutendwa, kwa kuwa mwanzo wake umo ndani ya kauli hiyo.

Kando ya kutendwa ipo kauli ya kutendeka, ambayo miongozo ya Kiingereza haina sababu ya kuitaja. "Kikombe kimevunjwa" kinadokeza kuwa yupo mvunjaji, hata kama hakutajwa. "Kikombe kimevunjika" kinamwondoa kabisa. Kila mtoto aliyewahi kusimama mbele ya mama yake na vigae miguuni anaijua tofauti hiyo, na anajua ipi ya kuchagua. Kwa mwandishi wa hadithi za upelelezi, au wa riwaya inayohusu lawama ndani ya familia, uchaguzi kati ya -w- na -ik- unaweza kubeba ukurasa mzima wa maelezo. Ushauri unaofaa, basi, ni kumfundisha achunguze katika kila sentensi ni nani aliyeachwa bila kutajwa, na kama kutotajwa kwake ni sehemu ya hadithi.

Amri kuhusu majina inashindwa kwa njia nyingine. Kiingereza hutenganisha wahusika wa kiume na wa kike kwa viwakilishi, hivyo mume na mke wanaweza kugombana kwa aya kadhaa bila kutajwa tena. Kiswahili hakina utengano huo. Katika sentensi "alimtazama, akamwambia hawezi kubaki", viambishi havimwelezi msomaji ni nani asiyeweza kubaki. Mwandishi anayekwepa majina kwa kufuata kanuni ya kigeni huzalisha ukungu, na anayeyarudia kila mara huonekana mchanga. Waandishi wazoefu wana njia ya tatu: huyu na yule, sifa bainifu, na hasa majina ya ujamaa. Majina ya ujamaa yana faida isiyopatikana katika kiwakilishi cha Kiingereza, kwani hubeba mtazamo. Mzee yuleyule akiitwa "mkwewe" katika aya moja na "babake" katika aya inayofuata, msomaji amekwisha kuhamishwa kutoka upande mmoja wa sebule hadi mwingine, bila msimulizi kutangaza lolote. Upungufu wa kiambishi a- nao ni hazina: jinsia ya mhusika inaweza kufichwa kwa kurasa nyingi bila sentensi kujikunja, jambo ambalo mfasiri wa Kiingereza hulihangaikia tangu mstari wa kwanza.

Kuhusu vielezi hakuna haja ya kukawia. Anayeandika "kimya jii" au "jaa pomoni" hajaongeza pambo juu ya kitenzi dhaifu; ametumia kiigizi ambacho fasihi simulizi imekitegemea tangu zamani. Mengi ya "kwa haraka" na "kwa huzuni" yanaweza kufutwa bila hasara.

Amri ya kuonyesha inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu ina ukweli ndani yake. Wayne Booth alikwisha kuonyesha katika The Rhetoric of Fiction (1961) kwamba mpaka kati ya kuonyesha na kueleza si thabiti kama ulivyodhaniwa, na kwamba mwandishi hawezi kujiondoa katika kazi yake. Riwaya ya Kiswahili ilikuwa na ushahidi wake. Katika Kusadikika, Shaaban Robert anawaita wahusika wake Karama na Majivuno. Jina lenyewe ni maelezo, na mvutano unabaki katika jinsi hoja zitakavyojengwa barazani. Hata hivyo, urithi huo una upande mchungu. Hadithi nyingi zilizoandikwa zikilenga madarasa ya shule zinamfanya msimulizi awe mhubiri, anayefasiri tendo ambalo msomaji amekwisha kulielewa. Hapo mhariri ana haki ya kufuta, lakini afute marudio, asifute sauti ya msimulizi.

Namna Kiswahili kinavyoonyesha inaonekana vizuri zaidi katika -ka-. Warsha huwataka waandishi wabadilishe miundo ya sentensi ili kuepuka mfululizo wa vitenzi. Lakini "akaingia, akaketi, akavua kofia" ni mnyororo ambao kila pingu yake husogeza wakati mbele. Kurudi kwenye -li- humwashiria msomaji kwamba msimulizi amepumua au amefungua tukio jipya. Mnyororo huo haukanushwi kwa njia ya kawaida. Jambo lisilotendeka hutoka nje yake: "akaingia, akaketi, wala hakusalimu." Badiliko la umbo linaligeuza kosa la adabu kuwa tukio, na msimulizi hahitaji kusema kwamba mgeni alikuja na hasira. Huku ndiko kuonyesha, na kunafanywa na kikanushi.

Hali ni hiyohiyo katika fikra za wahusika. Kiingereza, kikitaka kuchanganya sauti ya msimulizi na ya mhusika, hurudisha nyuma njeo na kubadili nafsi. Kiswahili hakilazimishi kurudisha njeo: "alijiuliza kama atarudi" ni sentensi ya kawaida. Kwa hiyo "Alisimama mlangoni. Atarudi? Nani atampokea?" inatofautiana na fikra ya moja kwa moja, "Nitarudi? Nani atanipokea?", kwa viambishi vya nafsi peke yake. Mwandishi anayelielewa hili anaweza kuingia na kutoka akilini mwa mhusika bila "aliwaza kwamba" wala alama za mtajo. Asiyelielewa hujaza ukurasa vitenzi vya kuwaza, kisha huambiwa na msomaji wa mswada wake kuwa anaeleza mno, naye hufuta fikra zenyewe badala ya kufuta "aliwaza kwamba".