Ringi Mpya Haziponyi Silinda Iliyolika

Pikipiki ikianza kufuka moshi wa buluu na kuchoka mlimani, ushauri wa kijiweni huwa mmoja: badilisha ringi. Ni ushauri wa bei nafuu, na ndiyo maana unapendwa. Kijana mmoja wa mtaani kwetu aliukataa, akaamua kupima kwanza.

Injini yake ni ya muundo wa Honda CG125, uliotoka mwaka 1976 na baadaye kunakiliwa na viwanda vingi vya China. Muundo huo unamhurumia fundi wa nyumbani. Valvu husukumwa na fimbo mbili zinazopanda kutoka chini, ambako kamshafti huzungushwa kwa gia, kwa hiyo hakuna cheni ya taimingi ya kuhangaika nayo. Hedi na silinda vikivuliwa, taimingi hubaki salama ilipo.

Kabla ya kushika spana alimimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, akapiga kiki. Kiki iliyokuwa laini ikawa nzito: oili ilikuwa imeziba kwa muda mwanya wa ringi na silinda. Ingebaki laini, angezishuku valvu.

Injini ikashushwa na kuwekwa mezani. Konrodi ilijaribiwa kwa mkono. Kucheza kidogo kushoto na kulia si kosa, lakini ikicheza juu na chini, beringi yake imekwisha, na kazi hiyo inataka mashine ya kugandamiza. Hii haikucheza, hivyo kranki haikuguswa.

Kipimo cha ndani ya silinda ni ghali, na hakuwa nacho. Alichukua ringi, akaisukuma kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kisha akapima mwanya wa ncha zake kwa filageji. Chini kabisa, mahali ringi hazifiki, alipata 0.30 mm. Juu, zinakosugua zaidi, alipata 0.75. Tofauti ni 0.45; igawe kwa 3.14, unapata kwamba kipenyo kimeongezeka kwa takriban 0.14 mm. Silinda ya milimita 56.5 iliyolika kiasi hicho haitibiwi kwa ringi. Hesabu ya darasani tu, lakini mafundi wengi huiruka na kumwachia mteja hasara.

Alinunua pistoni ya saizi ya 0.50 kabla ya kwenda kwa mchongaji, si baada. Silinda huchongwa kuifuata pistoni iliyopo mkononi, kwa sababu maandishi ya kwenye boksi si kipimo. Kwa nini si 0.25? Silinda huliwa zaidi upande mmoja, na mkato mdogo ungeweza kuacha kovu.

Silinda iliporudi aliiosha kwa maji ya moto na sabuni, maana petroli peke yake huacha unga wa jiwe la kusugulia. Alifuta mpaka kitambaa cheupe kikatoka cheupe, akapaka oili papo hapo isishike kutu.

Jambo lililonifurahisha zaidi lilikuwa nyuma ya kava la klachi. Huko kuna chujio linalozunguka na kranki, likitupa uchafu wa oili ukutani mwake. Lilikuwa limejaa tope jeusi. Kufunga pistoni mpya na kuliacha hivyo ni kuitayarishia injini ugonjwa uleule.

Kufunga kulikwenda haraka: tambara kwenye mdomo wa kranki klipu ya pini ya pistoni isidumbukie, klipu mpya, alama ya IN kuelekea kabureta, mianya ya ringi ikitawanywa, bolti za hedi zikikazwa kimshazari kidogo kidogo. Tapeti alizipima injini ikiwa baridi, pistoni ikiwa juu na valvu zote zimefungwa: 0.08 mm. Wapo wanaozikaza ili kelele iishe. Tapeti iliyokazwa mno huiachia valvu njia ya kuungua.

Kwenye fremu, bolti zote ziliingizwa kwa mkono kwanza, ndipo zikakazwa; ukikaza moja mapema, tundu la nyingine hulipati. Aliweka karibu lita moja ya oili, akapiga kiki plagi ikiwa nje mpaka oili ikaonekana chini ya kava la tapeti. Ndipo akawasha. Oili hiyo ya kwanza atapaswa kuimwaga mapema, kabla ya kilomita 500, na kuikagua juani: mng'ao mwembamba ni kawaida ya vyuma vipya vinavyozoeana, vipande vinavyoshikika kwa kidole vinaamuru injini ifunguliwe tena.