Tofali la Hasamba na ukuta wa makumbusho

Ukisikia "makumbusho ya kisasa" unaona nini kichwani? Vioo na alumini, si ndiyo? Subiri kidogo.

Makumbusho ya Historia Asilia ya London yalifunguliwa 1881, na mbunifu wake, Alfred Waterhouse, aliyavika vigae vya udongo wa kuchoma ndani na nje. Upande wa mashariki vimefinyangwa viumbe waliotoweka, magharibi walio hai. Yaani ukuta unakusimulia kilichomo kabla hujaingia. Sasa linganisha na Museum Brandhorst ya Munich (2009): fimbo 36,000 za udongo uliochomwa, rangi 23, na nyuma yake bati lenye vitundu vya kunyonya kelele za magari. Kiufundi, safi sana. Lakini ukisimama mbali rangi zinachanganyikana na udongo unasahaulika. Ingekuwa plastiki, nani angejua?

Hapa Hasamba udongo hausahauliki, unafichwa. Tunachoma matofali, halafu tunapiga lipu na rangi juu. Kwa nini? Kemia inajibu. Udongo wa mfinyanzi ukifika nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi hupoteza maji yaliyofungwa ndani ya madini yake, na haurudi kuwa tope. Ukikaribia 1,000, chembe huanza kuyeyuka pembezoni na kushikana. Wekundu ni chuma kilichoungana na oksijeni. Kwenye tanuri letu la kupanga, ambapo matofali yenyewe ndiyo tanuri, moto hausambai sawa: ya nje yanabaki mabichi, yananywa maji na kumomonyoka. Lipu inaokoa hayo, ila inayazika na mazuri.

Kigae cha ukuta wa makumbusho hakibebi paa. Hutundikwa kwenye fremu na kuachiwa nafasi ya hewa nyuma, hivyo mvua ikipenya inachuruzika chini, na jua halipigi ukuta wa ndani moja kwa moja. Kwa hiyo makumbusho ya Mkoa wa Songwe yangeweza kuvaa udongo wa Mbozi bila lipu, tena yakisimulia Kimondo cha Mbozi: chuma cha angani nyuma ya chuma kinachoupa udongo wekundu. Mimi ningelipia kiingilio!

Kikwazo changu ni kuni. Tanuri la kufunika vizuri linatunza joto, na Mbozi ina maganda ya kahawa ya kutosha kuanzia majaribio.