MALLOC_CHECK_: ukaguzi uliozimika kimya

Mwanafunzi wa Sikuda, wilayani Busia nchini Uganda, anayejifunza lugha ya C, awe anasomea uhandisi wa kompyuta Chuo Kikuu cha Busitema, wilaya hiyohiyo, au anajisomea mwenyewe kwenye kompyuta kuukuu, hukutana mapema na ushauri huu: ukitaka Linux ikukagulie matumizi ya kumbukumbu, andika MALLOC_CHECK_=3 kabla ya jina la programu yako. Kwa miaka mingi ushauri huo ulikuwa sahihi. Kwenye mifumo ya sasa amri hiyo haikagui kitu, wala haitoi onyo.

Tutazame kosa lenyewe. Programu inahifadhi majina ya bidhaa za soko, na mojawapo ni "mahindi". Mwandishi anapima kwa strlen, anapata 7, anaomba malloc(7), kisha ananakili jina kwa strcpy. Lakini C hufunga kila neno kwa baiti ya sifuri, hivyo zilihitajika 8. Baiti moja imeandikwa nje ya eneo lililoombwa, na programu inaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Sababu ni kwamba glibc, maktaba ya C ya Ubuntu na Debian, kwenye mashine ya biti 64 haigawi kipande chenye nafasi ya chini ya baiti 24. Kosa limejificha humo. Siku litakapoingia jina la herufi 24, baiti ya 25 itaharibu hesabu za malloc yenyewe, na programu huenda ikaanguka mahali pasipohusiana kabisa na soko.

MALLOC_CHECK_ huweka alama mara tu baada ya baiti ya mwisho uliyoomba, kama lakiri ya forodha kwenye kontena linalovuka mpaka wa Busia. Unapoita free au realloc, alama hukaguliwa. Ikiwa imeguswa, programu inakatishwa kwa ujumbe. Utajua lakiri imevunjwa, si ilivunjwa wapi njiani.

Mabadiliko yalikuja na glibc 2.34, Agosti 2021. Ukaguzi ulitolewa kwenye maktaba kuu ukahamishiwa libc_malloc_debug.so.0, na ndoano (hooks) za malloc, zilizoruhusu kazi yake kubadilishwa na ambazo wavamizi walizipenda, zikaondolewa. Kiusalama ulikuwa uamuzi mzuri. Ninachopinga ni ukimya wake: amri ya zamani bado inakubaliwa, programu inamaliza bila ujumbe, na mwandishi anaamini kazi yake ni safi. Ubuntu 22.04 na Debian 12 zote zimo katika hali hiyo. Sasa amri kamili ni hii:

LD_PRELOAD=libc_malloc_debug.so.0 MALLOC_CHECK_=3 ./soko

Wakati wa kuandika programu, hata hivyo, ningechagua AddressSanitizer: gcc -g -fsanitize=address soko.c -o soko. Hukamata kosa papo hapo linapotendeka na kutaja mstari. Gharama yake ni kumbukumbu zaidi na mwendo wa polepole, lakini ni nafuu sana kuliko Valgrind, zana nyingine ya ukaguzi, ambayo hupunguza kasi mara 20 hadi 30. Valgrind ibaki kwa programu usiyoweza kuikusanya upya.

Zana hizi haziondoi wajibu wa kuuliza kama malloc imerudisha NULL. Kuijaribu hali hiyo ya kukosa kumbukumbu, punguza nafasi ya kumbukumbu kwa ulimit -v kisha endesha programu. Usifanye hivyo pamoja na AddressSanitizer, kwa kuwa yenyewe hutenga anwani nyingi mno na itakataa kuanza.

Basi, msomaji, angalia toleo lako kwa ldd --version. Kisha andika ile programu ya "mahindi" yenye kosa makusudi, weka free mwishoni, ikusanye bila -O2, uiendeshe chini ya ukaguzi. Isipokatishwa, ukaguzi wako haujawaka, na majaribio yote uliyofanya kwa mpangilio huo yarudiwe.