Pakiti ya chumvi imetufundisha nusu tu

Duka lolote la Marangu au Kibosho, pakiti ya chumvi inakwambia ina madini joto, yaani iodini. Ujumbe huo umesaidia sana tangu miaka ya 1990, maana udongo wa milimani una iodini kidogo na goita zilikuwepo kweli. Ila umetuachia kanuni mbovu kichwani: tezi ya shingo ikivimba, tatizo ni upungufu.

Sasa mchukue paka mzee, miaka 10 na kuendelea. Anakula kama yuko mashindanoni, lakini anakonda, anatapika, usiku analia ovyo. Tunasema minyoo. Anapewa dawa, tena na tena. Kumbe tezi yake ya thairoidi imeota uvimbe (mara nyingi si saratani) na inamwaga homoni kupita kiasi, moyo unakimbia mpaka unachoka. Kwa paka, ugonjwa huu ulielezwa mwaka 1979 tu, New York. Dawa ya methimazoli huizuia tezi kutengeneza homoni, na kuna hata chakula maalumu chenye iodini kidogo. Kinyume kabisa cha pakiti!

Chumvi haina kosa. Ninachokosoa ni maelezo yanayoipa tezi ugonjwa mmoja, wakati sentensi moja ingetosha: tezi huvimba ikikosa iodini, huvimba pia ikizidisha kazi, na kinachotofautisha ni kipimo cha damu.