Saini 56,192: Jinsi Idaho ilivyopanua bima ya afya kwa kura

Tarehe 6 Novemba 2018 wapiga kura wa Idaho, jimbo la milima na viazi lililoko kaskazini-magharibi mwa Marekani, waliulizwa kama wanataka Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa watu wa kipato cha chini, iwafikie watu wazima wote maskini. Asilimia 60.6 walisema ndiyo. Miaka miwili kabla, jimbo hilohilo lilikuwa limempa Donald Trump asilimia 59.3 ya kura zake, naye alikuwa akiahidi kuifuta kabisa sheria iliyozaa upanuzi huo. Kwa hiyo hoja ambayo wabunge wa chama chake waliikataa mwaka baada ya mwaka ilipata sehemu kubwa ya kura kuliko aliyoipata yeye mwenyewe.

Matokeo kama hayo huwatia watu hamu ya kutafuta maelezo makubwa kuhusu roho ya Mmarekani wa kijijini. Mimi naona jibu limekaa mahali pakavu zaidi: kwenye kanuni za kukusanya saini, na kwenye namna kundi dogo la watu lilivyozisoma kanuni hizo.

Kwanza tuelewe pengo lenyewe. Sheria ya bima ya afya aliyoitia saini Rais Barack Obama mwezi Machi 2010 ilikuwa na sehemu mbili zinazoshikana. Wenye kipato kisichozidi asilimia 138 ya kiwango cha umaskini cha serikali kuu wangeingia Medicaid. Wenye kipato cha juu zaidi wangenunua bima kwa ruzuku. Ruzuku iliwekwa kuanzia asilimia 100 kwenda juu, kwa kuwa walioandika sheria waliamini kila aliye chini ya hapo atakuwa tayari ndani ya Medicaid. Juni 2012 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba majimbo hayawezi kulazimishwa kupanua Medicaid. Katika majimbo yaliyokataa, likatokea jambo la ajabu: mwenye kipato cha asilimia 120 ya kiwango cha umaskini alisaidiwa kulipia bima, na mwenye asilimia 80 hakupata kitu. Alikuwa maskini mno kustahili msaada. Idaho ilikadiriwa kuwa na watu 62,000 wa aina hiyo, wengi wao wafanyakazi: wahudumu wa migahawa, mafundi wa msimu, wanawake wanaotunza wazee majumbani.

Tena serikali kuu ilikuwa tayari kubeba asilimia 90 ya gharama. Gavana Butch Otter, Mrepublican, aliunda kamati ya kulichunguza suala hilo, na kamati ikapendekeza upanuzi. Bunge la jimbo halikusogea. Mwanzoni mwa 2018 hata mswada mwembamba zaidi, wa kuziba sehemu tu ya pengo, ulirudishwa kwenye kamati bila kupigiwa kura na Baraza la Wawakilishi.

Ilibaki njia moja. Tangu 1912 katiba ya Idaho inawapa wananchi haki ya kutunga sheria wenyewe, kwa kukusanya saini na kuipeleka hoja yao kwenye uchaguzi mkuu. Njia hiyo ilikuwa imefanywa kuwa nyembamba makusudi. Mwaka 2012 wapiga kura walifuta kwa pamoja sheria tatu za elimu zilizopitishwa na bunge. Mwaka uliofuata bunge likabadili kanuni. Zamani ilitosha kupata saini za asilimia 6 ya wapiga kura walioandikishwa katika jimbo zima. Sasa, juu ya hiyo, ilibidi upate asilimia 6 katika kila moja ya wilaya za uchaguzi zisizopungua 18 kati ya 35. Sababu iliyotolewa ni kwamba sauti za vijijini zisimezwe na mji wa Boise. Waliokuwa wamezifuta sheria za elimu walisema wanaadhibiwa. Naona hayo yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja. Kilicho wazi ni kwamba chaguzi za 2014 na 2016 zilipita bila hoja hata moja ya wananchi kwenye karatasi ya kura.

Hesabu za kanuni hiyo zinastahili kufanywa polepole, kwa kuwa kampeni nzima ilijengwa juu yake. Kwa mwaka 2018 asilimia 6 ya jimbo ilikuwa saini 56,192. Ukizigawa kwa wilaya 35 unapata wastani wa saini kama 1,600 kwa wilaya. Mtu akitimiza kiwango cha chini kabisa katika wilaya 18, atakuwa na saini kama 29,000, nusu tu ya zinazotakiwa. Nyingine zaidi ya 27,000 azipate popote apendapo. Kwa hiyo kanuni ina vichwa viwili: wingi na mtawanyiko. Wingi unapatikana Boise, kwenye masoko ya Jumamosi na lango la chuo kikuu, ambako mtu mmoja akisimama na ubao wake wa fomu anaweza kupata saini nyingi kwa saa chache. Mtawanyiko haupatikani hivyo. Hata ukizichukua wilaya zote za bonde la Boise hufiki 18. Lazima uende kwenye miji ambayo watu wake hawakutani kwa wingi mahali popote isipokuwa kanisani, shuleni na kwenye duka la vyakula, na huko lazima ubishe hodi nyumba kwa nyumba.

Halafu kuna kazi ya makaratasi, ambayo wasimuliaji wa kampeni hizi huipita haraka. Saini haihesabiki kwa kuwa imeandikwa. Aliyesaini lazima awe mpiga kura aliyeandikishwa, na karani wa kaunti huilinganisha kila saini na daftari lake. Mkusanyaji naye huapa mbele ya mthibitishaji kwamba watu walitia saini mbele yake. Aliyehama bila kubadili anwani anaanguka. Aliyedhani ameandikishwa kumbe hakuandikishwa anaanguka. Boise na Twin Falls zimepokea wakimbizi wengi kutoka Kongo, na Kiswahili kinasikika huko; lakini mkimbizi ambaye hajapata uraia, hata kama bima hii inamgusa jirani yake wa mlango wa pili, jina lake halina uzito kwenye fomu. Kwa sababu hizo mkusanyaji mwenye akili hukusanya zaidi ya kiwango, tena kwa kila wilaya peke yake, kwani ziada ya Boise haiwezi kuhamishiwa wilaya ya mbali iliyopungukiwa.

Waliolishika jambo hili walianzia Sandpoint, mji mdogo wa kando ya ziwa huko kaskazini, karibu zaidi na mpaka wa Kanada kuliko na Boise. Walikuwa watatu: Luke Mayville, msomi wa siasa aliyezaliwa eneo hilo, na rafiki zake wawili, mume na mke, Garrett na Emily Strizich. Mapema 2017 walijaribu nguvu zao kwenye jambo dogo: kura ya kodi ya kusaidia shule za wilaya yao. Walibisha hodi, na kodi ikapita. Wakaliita kundi lao Reclaim Idaho. Kisha wakachukua gari kuukuu la safari, Dodge Tioga la 1977, lile la aina yenye vitanda na jiko ndani, wakalipaka rangi ya kijani, wakaandika ubavuni maneno ya kudai Medicaid kwa Idaho, wakaanza kuteremka kusini.

Magazeti yalilipenda gari hilo, na picha zake zilifanya kazi nzuri. Lakini tukiishia kwenye gari tutakuwa tumetazama pambo. Kilichofanyika kila liliposimama ndicho muhimu: mkutano mdogo, majina ya waliokuja, na kabla ya kuondoka, mtu wa hapohapo amekabidhiwa uongozi wa timu ya kaunti yake. Gari liliendelea na safari, timu ikabaki. Saini zilipoanza kukusanywa, wakati wa baridi kali ya 2017 kuingia 2018, waliokuwa wakibisha hodi Bonners Ferry au Idaho Falls walikuwa majirani wa waliofunguliwa mlango. Mwalimu mstaafu anayemweleza jirani yake kwa nini mwanawe hana bima hahitaji kujitambulisha.

Hapa ndipo naona kanuni ya 2013 iliwageukia walioitunga. Bila sharti la wilaya 18, kampeni yoyote yenye akili ya kawaida ingekusanya saini zake Boise kwa miezi mitatu na kurudi nyumbani. Ingefika kwenye karatasi ya kura bila kumjua mtu yeyote kaunti za mashambani, na mwezi Novemba ingekuwa hoja ya watu wa mjini. Sharti liliwalazimisha kujenga mtandao wa kijijini mapema, na mtandao huo haukuvunjika saini zilipotimia. Uliwarudia watu walewale wakati wa vuli kuwaomba kura.

Kuna ulinganisho ulio karibu. Mwaka huohuo hoja nyingine ya wananchi ilifika kwenye karatasi ya kura: kuruhusu mashine za kamari za mbio za farasi zilizokwisha kukimbiwa. Ilisukumwa na wenye biashara hiyo, saini zake zikakusanywa na watu wa kulipwa, nayo ilitimiza masharti yaleyale ya wilaya. Novemba ikaanguka. Sisemi ni kwa sababu ya wakusanyaji wa kulipwa tu, kwani kamari na matibabu si bidhaa moja. Ninachosema ni kwamba fedha zinanunua saini, na anayekusanya kwa malipo akishalipwa hana sababu ya kurudi mlangoni. Kampeni ya Medicaid nayo haikuwa ya mifuko mitupu. Shirika la kitaifa la Fairness Project, ambalo lilikuwa limesaidia kampeni kama hiyo katika jimbo la Maine mwaka 2017, liliingiza fedha, na vyama vya madaktari na hospitali vya jimbo vilikuwa upande wake.

Ujumbe nao ulitengenezwa kwa kusikiliza milangoni. Jina la Obama halikutajwa. Hoja zilizobeba uzito zilikuwa za mfuko na za mahali. Ya kwanza: kodi mnazolipa Washington tayari zinalipia upanuzi wa majimbo mengine. Ya pili ilikuwa ya Idaho yenyewe, nayo naiona kuwa bora kuliko zote. Kwa sheria ya jimbo, mtu asiye na uwezo akilazwa na bili ikamshinda, kaunti ililipa dola 11,000 za kwanza kutoka kwenye kodi ya ardhi na majengo, na mfuko wa jimbo ukalipa zilizozidi. Yaani mwenye shamba aliyepinga bima ya umma alikuwa akiilipia tayari, kwa njia ghali zaidi, baada ya kisukari kuwa kimekwisha kufikia figo. Ya tatu ilihusu hospitali ndogo za vijijini, zinazobeba madeni ya wasioweza kulipa. Wapinzani, wakiongozwa na taasisi ya Idaho Freedom Foundation, walisema watu wenye nguvu za kufanya kazi watazoeshwa kusaidiwa na kwamba ipo siku Washington itapunguza mchango wake. Hoja hiyo ya mchango wa Washington haikuwa ya kipuuzi. Wiki moja kabla ya kura, Gavana Otter alitokea na mkewe kwenye tangazo la kuunga mkono upanuzi.

Baada ya ushindi mambo yalikwenda mbio. Mwenyekiti wa bodi ya taasisi hiyo alipinga sheria mahakamani; Februari 2019 Mahakama Kuu ya Idaho ilimkatalia. Bunge likaongeza masharti, likiwemo la kufanya kazi, ambalo serikali kuu haikuliidhinisha. Bima ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2020.

Shambulio lililokuwa na maana zaidi halikuilenga Medicaid hata kidogo. Lililenga fomu. Mwaka 2019 wabunge walipitisha mswada wa kutaka asilimia 10 ya saini katika wilaya 32, kwa siku 180 tu. Gavana mpya, Brad Little, aliupigia kura ya turufu pamoja na mwenzake uliolegezwa kidogo. Mwaka 2021 walirudi na sharti la asilimia 6 katika wilaya zote 35, na safari hii akatia saini. Maana yake wilaya moja ingeweza kuizuia hoja iliyokubaliwa na nyingine 34. Reclaim Idaho ilikwenda mahakamani, na Agosti 2021 Mahakama Kuu ya jimbo iliifuta sheria hiyo, ikisema haki ya wananchi kutunga sheria ni haki ya msingi. Sharti la wilaya 18 likarudi. Wabunge waliusoma ushindi wa 2018 kama nilivyousoma mimi: waliona mashine, wakaenda kuifungua skrubu.

Hata hivyo mashine hiyo haiuzi kila kitu. Mwaka 2024 Reclaim Idaho iliungana na wengine kupeleka hoja ya kufungua kura za mchujo na kuwapanga wagombea kwa nafasi. Saini zilitimia katika wilaya zilizotakiwa, wabisha hodi walikuwa wazoefu, na hoja ikakataliwa kwa kura karibu 7 katika kila 10. Kwenye Medicaid kila nyumba ilikuwa na bili au ndugu wa kumtaja. Namna ya kuhesabu kura ilihitaji kuelezwa upya kila mlangoni, na mpinzani alihitaji kusema tu kwamba ni kitu kigumu.

Sheria iliyopigiwa kura na wananchi wa Idaho ni sheria ya kawaida, na bunge linaweza kuibadili kikao chochote kwa wingi wa kawaida wa kura. Machi 2025 lilipitisha, na Gavana Little akatia saini, sheria ya kurudisha jaribio la masharti ya kazi kwa wanaopata Medicaid. Kazi ya timu za kaunti haikuisha Novemba 2018, na waliodhani imeisha walikosea.