Msomaji Mkali

Kijana anayetaka kuandika filamu husema anatafuta mtu wa kumshika mkono, na mara nyingi huwa na maana ya mtu wa kumfungulia mlango: mtayarishaji, mwongozaji mwenye jina, au anayejuana na wakubwa wa kituo cha televisheni. Nadhani hapo ameanzia mwisho. Anachohitaji kwanza ni msomaji. Mswada wa filamu ni maandishi ya ajabu, kwani haukuandikwa ili ubaki maandishi. Riwaya ikishachapwa imefika. Mswada ukishakamilika ndipo unapoanza safari ya kupita mikononi mwa mwongozaji, waigizaji, mpiga picha na mhariri, na kila mmoja wao atauliza jambo ambalo mwandishi hakuliandika. Tena mwandishi mwenyewe hayaoni makosa yake kwa urahisi, maana filamu nzima anayo kichwani na husoma hata yasiyokuwamo kwenye karatasi. Mkongwe aliyekwisha kuiona miswada yake ikipigwa picha, ikakatwa na kuwachosha watazamaji, hugundua pengo palepale mwenyewe anapodhani pamejaa.

Mfano ninaoupenda ni wa Hashimoto Shinobu wa Japani. Alikuwa askari aliyeugua kifua kikuu, akalazwa miaka kadhaa. Huko aliazima jarida la filamu kwa mgonjwa wa kitanda cha jirani, akasoma mswada uliochapwa humo, akaona kwamba hata yeye angeweza kuandika. Akauliza nani bingwa wa kazi hiyo nchini, akatajiwa Itami Mansaku. Hashimoto hakumwandikia Itami kumwomba ushauri. Aliandika mswada mzima kuhusu wagonjwa wenzake, kazi iliyomchukua miaka, kisha akautuma. Itami, ambaye naye alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu, alimjibu kwa kuuchambua, na tangu hapo akawa mwalimu wake hadi alipofariki mwaka 1946. Baadaye, kupitia mtu aliyewahi kuwa msaidizi wa Itami, miswada ya mwanagenzi huyo ilimfikia mwongozaji Kurosawa Akira. Mmojawapo, uliotokana na hadithi fupi ya Akutagawa, ulionekana mfupi mno, ukaunganishwa na hadithi nyingine ya mwandishi huyohuyo, na ndio uliozaa filamu ya Rashomon ya mwaka 1950, iliyoshinda tuzo ya Simba wa Dhahabu kwenye tamasha la filamu la Venice mwaka uliofuata. Mlango ulifunguka, ndiyo, lakini ulifunguka baada ya miaka ya kusomwa, na aliyesoma hakuwepo tena kuuona.

Atatokea wa kusema huyo alibahatika, wakongwe wengi hawajibu barua. Ni kweli alibahatika. Lakini tutazame alichopeleka: mswada uliokamilika humpa fundi kazi anayoijua, wakati ombi la ushauri humpa mzigo asiojua pa kuushika. Tutazame pia alikopeleka. Itami hakuwa tena kwenye pilikapilika za studio. Aliye kileleni hana nafasi. Aliyestaafu au kusahauliwa anayo, na ujuzi haukumtoka siku simu zilipoacha kulia. Hofu ya pili ni nzito zaidi, kwamba mwalimu hodari atamfinyanga mwanafunzi awe kivuli chake. Itami alisifika kwa filamu za samurai zenye kejeli na ucheshi. Lakini Hashimoto ndiye aliyeandika filamu ya Harakiri ya mwaka 1962, ambamo heshima ya kisamurai inavuliwa nguo bila tabasamu hata moja. Wa tatu atasema vitabu na intaneti vinatosha. Vinatosha kufundisha sura ya mswada, sikatai, ila kitabu hakijui kuwa ni ukurasa wako wa arobaini unaosinzia.

Wala haja ya msomaji haiishi mtu akishakomaa. Mswada wa Seven Samurai, filamu ya mwaka 1954, uliandikwa na watu watatu waliojifungia katika nyumba ya wageni mjini Atami. Kurosawa na Hashimoto waliandika. Oguni Hideo, mkubwa wao kwa umri, kazi yake kuu ilikuwa kusoma walichoandika, akakipitisha au akakirudisha. Kurosawa, mshindi wa Venice, alikubali kurudishiwa kurasa!

Afrika Mashariki tumepata warsha nzuri: Maisha, aliyoianzisha mwongozaji Mira Nair mjini Kampala, na ile ya Nairobi ya mwongozaji Tom Tykwer na wenzake, iliyofuatia filamu ya Soul Boy aliyoiandika Billy Kahora. Ila warsha ina tarehe ya kufungwa, na mswada hukwama wiki moja baadaye. Mimi ningewatafuta walioandika michezo ya redio, mathalani ya Twende na Wakati iliyorushwa na Radio Tanzania kuanzia mwaka 1993. Hao hawakuwa na picha ya kujifichia. Kila mhusika ilibidi ajulikane kwa sauti yake, na tukio lisiposogea msikilizaji alibadili stesheni. Mwandishi chipukizi wa filamu hushindwa zaidi kwenye mazungumzo kuliko kwenye kitu kingine, na wazee hao bado wapo mitaani, wengine hawajaombwa kusoma kitu kwa miaka.