Kodi ya Majimbo Mawili: Hesabu ya Asiye Mkaazi

Mtu aishiye Jersey City, katika jimbo la New Jersey, naye huvuka mto Hudson kila asubuhi kwenda kazini New York, huwa na wadai wawili wa kodi ya mapato fauka ya serikali kuu ya Marekani: jimbo achumiamo riziki na jimbo yalimo maskani yake. Haki ya lile la kwanza ilithibitishwa na Mahakama ya Juu mwaka 1920, ilipohukumu kwamba jimbo laweza kumtoza mgeni kodi ya pato alilolichuma ndani ya mipaka yake. Ila katika shauri jingine la siku ile ile ikaikataza New York kuwanyima wasio wakaazi misamaha inayowapa wakaazi wake.

Hesabu huanza kwa kukamilisha ritani ya serikali kuu, kwani tarakimu zake ndizo msingi wa zote. Kisha hujazwa fomu IT-203 ya New York, yenye safu mbili sambamba: moja ya pato lote, ya pili ya pato la New York peke yake. Tuchukue mathalan mshahara wa dola 60,000 uliotoka New York, na dola 20,000 za pango la nyumba iliyoko New Jersey. Kodi hukadiriwa juu ya zote 80,000, kana kwamba mlipaji ni mkaazi. Ikiwa ni 4,000, hutwaliwa asilimia 75 yake, ambayo ndiyo nisba ya mshahara ule kwa pato lote, likabaki deni la 3,000. Hivyo pango halitozwi, ilhali laweza kupandisha kiwango kinachotozwa mshahara.

Mwisho hujazwa NJ-1040. New Jersey hutoza pato lote la mkaazi wake, kisha humpunguzia kwa ajili ya kodi aliyotozwa New York, lakini kwa ukomo: kodi yake ikiwa 2,800, husamehe asilimia 75 tu, yaani 2,100. Zile 900 zilizozidi hazirudi, na 700 bado zadaiwa.

Atahadhari pia afanyaye kazi nyumbani kwa hiari yake: New York huzihesabu siku hizo kuwa zake, na mahakama yake ya juu kabisa iliiafiki kanuni hiyo mwaka 2003, katika shauri la profesa Edward Zelinsky, mkaazi wa Connecticut.

Basi fomu ya ugenini na itangulie ya nyumbani, kwani pasipo tarakimu ya kwanza nafuu ya pili haikadiriki.